NGF si mbolea ya neva

Matangazo ya vidonge vya "kukuza neva" yamejaa mitandaoni, na mengi yanaielezea NGF (nerve growth factor, yaani kichocheo cha ukuaji wa neva) kana kwamba ni mbolea: ukiiongeza, neva zinastawi. NGF ni protini. Ukiimeza, tumbo linaimeng'enya kama protini nyingine yoyote. Na hata kama ingepenya, mnunuzi huenda asingeifurahia.

Tazama goti lililosagika. Chembe za gegedu zinazomomonyoka huzichokoza seli za utando wa ndani, nazo hutoa saitokini, yaani protini za ishara za kinga, hasa mbili zinazochochea uvimbe: TNF na interleukini-1 beta. Saitokini hizo ndizo zinazozisukuma seli za utando na za gegedu kutengeneza NGF kwa wingi. NGF inajishika kwenye kipokezi cha TrkA katika ncha za neva za maumivu, na muda si mrefu kipokezi kingine, TRPV1, kile kile kinachowashwa na pilipili, kinakuwa chepesi kuamka. Kwa kawaida kinangoja joto la nyuzi 43 hivi. Sasa hakingoji kufika huko.

Neva iliyochokozwa nayo humwaga kemikali mbili, dutu P na CGRP. Mishipa ya damu inatanuka, majimaji yanavuja, goti linajaa. Seli za masti, ambazo ni seli za kinga, zina TrkA pia, kwa hiyo NGF ikizigusa zinatoa histamini, TNF na NGF zaidi. TNF inaiita NGF, NGF inaiita TNF. Ndiyo maana kuuliza kama NGF ni nzuri au mbaya naona ni kupoteza muda. Uliza iko wapi, kiasi gani, na nani kaiita.

Basi si izuiwe? Ilijaribiwa. Tanezumab ni kingamwili inayoinasa NGF kabla haijafika kwenye neva. Katika jaribio lililochapishwa 2010, maumivu ya goti wakati wa kutembea yalipungua kwa asilimia 45 hadi 62, dhidi ya 22 kwa waliopewa dawa bandia. Matokeo ya kutamanisha, lakini mwaka huohuo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikasimamisha majaribio: viungo vya baadhi ya wagonjwa vilikuwa vikiharibika kwa kasi. Baadaye ilionekana kwamba hatari ilizidi kwa waliotumia pamoja na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki. Majaribio yakarejea, ila mwaka 2021 washauri wa FDA waliikataa kwa kura 19 kwa 1, na watengenezaji wakaiacha.

Mimi ningeanzia juu ya mkondo: kupunguza uzito, maana mafuta ya mwili nayo hutoa saitokini, na kuimarisha misuli ya paja ili gegedu lisiendelee kusagwa.

NGF yenyewe kama dawa ipo, ila ni ya jicho: cenegermin, iliyoidhinishwa Marekani 2018 kwa konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) ambayo neva zake zimekufa ganzi na vidonda havifungi. Tone moja, mara 6 kwa siku, kila baada ya saa 2, kwa wiki 8. Lalamiko kubwa la watumiaji? Jicho kuuma.