Baba Mdogo na Suti ya Kirumi

Baba mdogo alisoma seminari akaishia njiani. Upadri ulimshinda, Kilatini kikabaki. Ukimwambia una njaa, atakupa kwanza asili ya neno, chakula baadaye.

Alipochukua fomu ya kugombea uenyekiti wa SACCOS yetu, akaniita. "Mwanangu, Waingereza wanamwita mgombea candidate. Wamelitoa wapi?" Kabla sijafungua mdomo akajijibu: kwa Warumi, candidatus, aliyevaa nyeupe ya kung'aa. Mgombea wa Roma alikuwa akiipaka toga, vazi lake la kujitanda, chaki mpaka iwake, kisha anawazungukia wapiga kura akiwashika mikono. Na huko kuzunguka, ambitio, ndiko kulikowazalia Waingereza ambition. Hapo akanikabidhi boksi la chaki na suti yake nyeupe ya harusi, ambayo kwa umri ilishageuka rangi ya siagi. Kazi ya mpambe ni kutii. Nikasaga, nikapaka.

Ukumbini aling'aa kweli. Akawapitia wajumbe mmoja mmoja: huyu mkono, yule bega, mama wa vikoba akakumbatiwa kabisa. Nilikuwa nashangilia mpaka nilipotazama migongo ya watu. Kila aliyekumbatiwa ana kiganja cheupe! Mpambe wa mpinzani naye alishaona. Hakuhangaika kuuliza nani ni wa nani. Alifuata viganja tu, anainama, ananong'ona, anasogea kwa mwingine. Soda zikaanza kugawiwa kwa kufuata viganja.

Hilo tungelimudu. Msimamizi akamwita baba mdogo ajieleze, naye akaenda kusimama chini ya pangaboi kabisa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. "Ndugu wajumbe," akaanza, na umeme ukarudi.

Sikumwona tena mgombea, niliona wingu. Meza kuu ikapiga chafya kwa zamu. Afisa ushirika, aliyekuja na suti nyeusi, aliinuka kama katoka mashine ya kusaga.

Kura zilipohesabiwa, tulizidiwa hata na zile zilizoharibika.

Jioni baba mdogo alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Ndiyo maana mwaka 432 KK watetezi wa makabwela kule Roma walipitisha sheria ya kumkataza mgombea kuipaka nguo yake weupe."

"Sasa hiyo sheria si ungenisomea jana, ba'mdogo?"

Kabla hajajibu, mama mdogo alitoka jikoni na beseni la maji, akalitua miguuni pake. "Haya, ifue kwa Kilatini."