Mhandisi wa zamani wa serikali anaporudi akiwa upande wa kampuni

Sheria ya Marekani inayowabana watumishi wa umma walioacha kazi, kifungu cha 207 cha sheria za jinai za shirikisho, haina mchezo. Kama ulishiriki mwenyewe, kwa kiwango cha maana, katika mkataba fulani ukiwa serikalini, umezuiwa maisha yako yote kuiendea serikali kwa niaba ya mwingine ili kuishawishi kuhusu mkataba huohuo. Kama mkataba huo ulikuwa tu chini ya mamlaka yako katika mwaka wako wa mwisho kazini, zuio ni miaka 2. Anayevunja kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Katika ukuta huo kuna mlango. Mtumishi wa zamani anaweza kuzungumza na idara ikiwa shabaha yake ni kutoa taarifa za kisayansi au kiteknolojia tu, na akafuata utaratibu ambao idara yenyewe inaukubali.

Naamini mlango huo unastahili kubaki wazi. Tuseme mhandisi alisimamia majaribio ya injini ya roketi kwa miaka mingi, na sasa ameajiriwa na kampuni inayoitengeneza. Vali imeonyesha ufa. Kifungu hicho hakimkatazi kuajiriwa, wala kuwaandalia wenzake maelezo nyuma ya pazia; kinachomkataza ni kwenda kuitetea kampuni mbele ya idara. Bila ruhusa ile, maelezo yake yangefikishwa na mwakilishi asiyeijua vali, na swali gumu la kwanza kutoka kwa wahandisi wa serikali lingekosa jibu. Ushawishi wa kampuni ungekuwepo vilevile, ila ujuzi ungebaki nje.

Wanaoihofia ruhusa hii wana hoja nzito. Anayechagua jaribio lipi lionyeshwe na lipi liachwe ameshaanza kutetea, hata kama kila tarakimu yake ni sahihi. Tena wanaomsikiliza huenda ni vijana aliowalea kikazi, na si rahisi kumbana kwa maswali mtu aliyekufundisha kuuliza maswali. Isitoshe, kanuni zinamruhusu kugusia gharama, hatari na muda wa utekelezaji pale inapobidi ili uzito wa taarifa ueleweke. Kusema “kubadilisha vali kutachukua miezi 6” ni uhandisi. Kuongeza “basi tusogezeeni tarehe ya mkataba” ni uwakili. Sentensi hizo mbili hufuatana kwa wepesi sana.

Kashfa ya Darleen Druyun huonyesha hofu hiyo ina mizizi. Akiwa ofisa wa manunuzi wa Jeshi la Anga, alizungumza na Boeing kuhusu ajira yake huku akijadiliana nayo kwa niaba ya serikali juu ya ndege 100 za kujaza mafuta angani. Mwaka 2004 alihukumiwa kifungo cha miezi 9. Lakini kosa lile lilikuwa mgongano wa maslahi akiwa bado kazini, na nguvu yake ilikuwa mamlaka juu ya bei, si ujuzi wa ndege. Ndiyo maana naona kanuni zilipatia kutojumuisha maelezo ya kisheria na kiuchumi katika ruhusa ya kiufundi.

Kenya imepita njia nyingine. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012 inamzuia ofisa wa zamani wa dola, kwa angalau miaka 2, kuajiriwa au kumwakilisha mtu katika jambo alilolishughulikia ofisini. Muda ni mfupi kuliko maisha yote ya Mmarekani, ila katazo linafika hadi kwenye ajira yenyewe.

Kinachonisumbua kwa Marekani ni huo utaratibu. Idara inayomhitaji mno mtaalamu ndiyo inayoamua masharti yake, na mwenye shida hulegeza. Ningetaka kila mazungumzo yaandikwe: nani aliuliza, data zipi zilitolewa, majaribio yapi hayakuletwa. Ofisa wa maadili apate maelezo hayo kabla ya kikao, na kikaoni awepo mhandisi wa serikali ambaye hakuwahi kuwa chini ya mgeni huyo. Simu ya jioni kwa rafiki wa zamani ofisini isihesabiwe kuwa utoaji wa taarifa. Mhandisi mwaminifu atapoteza saa chache za kuandika, na idara itabaki na jalada ambalo atakayerithi kazi ya vali ile ataweza kulikagua mstari kwa mstari.