Majigambo ya Richard Strauss

Waliosoma fasihi simulizi sekondari wanayakumbuka majigambo, au vivugo kama wengine wanavyoyaita. Mtu anasimama mbele ya wenzake, mkuki mkononi, anajitaja jina na ukoo, anahesabu vita alivyopigana na mifugo aliyoteka, na hakuna anayemwona ana kiburi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya utungo wenyewe. Sasa mchukue mtu huyo umpeleke Frankfurt, tarehe 3 Machi 1899. Mnyang'anye maneno, mpe okestra ya wachezaji zaidi ya 100, yakiwemo mabaragumu manane, kisha mwache aseme kwa dakika arobaini na ushee. Hapo umepata Ein Heldenleben, yaani Maisha ya Shujaa, ya Mjerumani Richard Strauss. Ubishi haujaisha tangu wakati huo: ni sanaa kubwa, au ni mtu aliyejivika mwenyewe kilemba cha ukoka?

Muziki wa aina hii hauna mwimbaji. Ni okestra tupu inayosimulia kisa, ndiyo maana huitwa shairi la sauti. Kisa cha safari hii kina sehemu sita zinazofuatana bila kusimama: shujaa, wapinzani wake, mwenzi wake, vita, kazi zake za amani, na mwisho kuupa dunia mgongo. Strauss alikuwa na miaka 34 alipoutunga, na shujaa mwenyewe, kwa kila dalili, ni yeye.

Dalili kubwa iko sehemu ya tano. Shujaa akishashinda vita, okestra inaanza kukumbuka "kazi zake za amani", na kazi hizo ni tungo za Strauss mwenyewe: Don Juan, Till Eulenspiegel, Also sprach Zarathustra, Don Quixote, hata opera yake, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, Guntram iliyoanguka vibaya Munich mwaka 1895. Vipande vinapita kimoja baada ya kingine, zaidi ya ishirini, vimeshonwa kwa ustadi kiasi kwamba asiyevijua hataona mshono. Mwandishi Mfaransa Romain Rolland alisimulia kwamba Strauss alimwambia haoni kwa nini asijitungie simfoni, yaani utungo mrefu wa okestra, yeye mwenyewe, kwani anajiona anavutia sawa na Napoleon au Alexander. Kwa wanaomshitaki, kesi inaishia hapo: mshitakiwa amekiri.

Mimi kiburi hicho hakinisumbui sana. Kivugo kina sheria moja: matendo yawepo, na wanaokusikiliza wawe wanayajua. Hakuna aliyemcheka mtu kwa kusema ameua simba kama ngozi inaning'inia ukutani. Mwaka 1899 Don Juan na Till Eulenspiegel zilikuwa zinapigwa kwenye kumbi nyingi za Ulaya. Ngozi ilikuwepo ukutani.

Kinachonisumbua ni maadui. Sikiliza jinsi wanavyoingia. Mwanzoni kabisa selo na viola, ala za nyuzi, pamoja na mabaragumu hupanda kutoka chini, sauti moja pana inayoruka juu bila kuomba ruhusa, inazidi kunenepa dakika baada ya dakika mpaka okestra nzima inagonga kodi moja kubwa, yaani noti nyingi zinazolia kwa pamoja, na kunyamaza ghafla. Kodi hiyo haijakamilika; inadai jibu. Shujaa amesimama kifua mbele anangoja dunia iseme neno. Na dunia inajibu kwa filimbi. Filimbi kali na nyembamba, zinagombana kama kuku waliomwagiwa punje, kisha zumari zinakoroma puani, na chini yao tuba mbili zinanguruma noti chache nzito, zilezile, kama mzee aliyekwisha kata shauri kabla hajasikiliza. Hao ndio wahakiki wa muziki waliokuwa wakimwandika vibaya magazetini. Inachekesha, na Strauss alijua inachekesha. Ni moja ya kurasa za dhihaka kali kuliko zote katika muziki wa okestra.

Lakini hao hao wakifika sehemu ya nne wanageuzwa jeshi. Tarumbeta tatu zinaita kutoka nyuma ya jukwaa, ngoma za kijeshi zinaanza kupasuka, na vita vinapigwa kwa kishindo ambacho masikio ya wakati ule hayakuwa yamezoea. Vita na nani? Na waandishi wa magazeti! Liyongo tunamkumbuka kwa sababu aliyemwinda alikuwa mtawala wa Pate, na aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni ni mwanawe wa kumzaa. Ukubwa wa shujaa hupimwa kwa aliyekabiliana naye. Strauss alimdhihaki adui mpaka akabaki kuku, kisha akatutaka tumshangilie kwa kumshinda kuku. Hapo, kwa maoni yangu, washitaki wana hoja, na ni nzito kuliko ile ya kiburi.

Upande wa utetezi una mambo mawili ambayo husahaulika. La kwanza ni mzaha. Katika barua ya mwaka 1898 Strauss aliandika kwamba, kwa kuwa waongoza okestra hawaitaki tena Eroica, simfoni ya shujaa ya Beethoven, yeye anatunga kitu cha kuziba pengo: hakina maombolezo ya mazishi, lakini kipo kwenye ufunguo uleule wa E-flati na kina mabaragumu tele, maana baragumu siku zote ni kipimo kizuri cha ushujaa. Mtu anayeandika hivyo anacheka kichinichini. Tena alikifikiria kisa hiki kama pacha wa Don Quixote, aliyoitunga muda mfupi kabla, kisa cha shujaa mwendawazimu anayepigana na vinu vya upepo. Ukizisikiliza pamoja, shujaa wa Heldenleben anapungua majivuno. Unaanza kujiuliza kama filimbi zile nazo si vinu tu.

La pili ni mwanamke. Sehemu ya tatu ni violini moja pekee, na kila mtu alijua ni Pauline de Ahna, mwimbaji wa soprano aliyeolewa na Strauss mwaka 1894. Kwenye nota, juu ya mistari ya violini hiyo, Strauss ameandika maelekezo ambayo ukiyasoma mfululizo ni kama unasikiliza nyumba ya jirani kupitia dirishani: kwa kujilegeza kinafiki, kwa uchangamfu, kwa wepesi wa moyo, kwa hasira, haraka na kwa kugomba, kisha kwa upole na mapenzi. Okestra, yaani mume, inajaribu kuingia na sentensi yake nzito. Violini inamkatiza na kukimbia. Anajaribu tena. Anakatizwa tena. Mtu anayetaka kuabudiwa haandiki ukurasa ambamo mkewe anamfunga mdomo mbele ya watu elfu mbili.

Kuna wanaoisoma sehemu hii kama kejeli ya mwanamume juu ya mke mgomvi, na siwezi kusema wamekosea kabisa. Neno "kugomba" lipo pale, na lina harufu ya zama zake. Ila sikiliza nani amepewa muziki mgumu zaidi, wenye rangi nyingi zaidi. Kiongozi wa violini hutoka jasho pale kuliko mtu yeyote jukwaani. Shujaa ana wimbo mmoja wa kutembea nao kifua mbele. Mkewe ana kumi.

Kuhusu mwisho, Strauss mwenyewe alikuwa na pande mbili. Aliutunga kwanza uishe kimya, baragumu na violini vikififia pamoja kama wazee wawili barazani jioni. Kisha siku za mwisho za Desemba 1898 akabadili, akaweka kilele cha tarumbeta na matrombone. Inasemekana rafiki yake alimtania kwamba watu watadhani hajui kumaliza kwa sauti kubwa. Mwisho huo mpya ndio unaopigwa karibu kila mahali. Napenda ule wa kwanza. Mtu aliyeamua kuipa dunia mgongo hapigi hodi akiondoka.

Bado kuna mashitaka ya historia. Mwaka 1933 Strauss alikubali kuwa rais wa Baraza la Muziki la utawala wa Hitler, akaondolewa 1935 baada ya barua yake kwa Stefan Zweig, mwandishi Myahudi aliyemwandikia maneno ya opera, kunaswa na Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Willem Mengelberg, mwongoza okestra wa Amsterdam, ambaye kazi hii ilitunukiwa yeye na okestra yake, alipigwa marufuku kuongoza muziki Uholanzi baada ya vita kwa mwenendo wake chini ya Wajerumani. Wapo wanaosikia buti za 1933 ndani ya mabaragumu ya 1898. Mimi sizisikii, shujaa huyu hatawali mtu, na wapinzani wake hawafungwi, wananyamazishwa tu kwa muda, kwani tuba zile mbili zinarudi karibu na mwisho kunguruma noti zao zilezile. Lakini siwezi pia kujifanya kwamba aliyejichora hivyo hakuwa na deni la kujibu siku ushujaa wa kweli ulipohitajika, naye akachagua kiti.

Usiku mmoja wa Oktoba 1943 mabomu yaliichoma opera ya Munich, nyumba ambamo baba yake Strauss alipiga baragumu zaidi ya miaka arobaini. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa na miaka 80, Strauss alimaliza kuandika Metamorphosen, kazi ya ala 23 za nyuzi. Hamna baragumu hata moja. Kwenye kurasa za mwisho besi zinapiga chinichini ule wimbo wa mazishi wa Eroica, uleule aliotamba mwaka 1898 kwamba hatauweka, na juu yake ameandika maneno mawili: In memoriam.