MGB ya mzee na Mazda ya kijana: nani ameirithi motokari ya viti viwili?

Jioni moja ya mwezi wa saba, kwenye lavaji moja kando ya barabara ya Kasenga, hapa Lubumbashi, iliingia motokari ndogo nyekundu ya viti viwili, turubai limekunjwa nyuma, namba za Zambia. Vijana waliokuwa wakisugua IST na Noah waliweka ndoo chini wakaizunguka. Ilikuwa Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, ile inayotoka kiwandani tangu 2015. Kwenye benchi walikaa watu wawili: mzee mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ambaye mtaa mzima unamwita Papa, na mwipwa wake, mekanisiani. Papa aliitazama kuanzia taa hadi tairi, akasema: "Hii ni kachezeo. Motokari ilikuwa ile MGB." Mwipwa akacheka: "Mjomba, MGB ililala njiani kuliko ilivyolala nyumbani."

Ugomvi huo nilitoka nao pale, na nimeuzungusha kichwani wiki nzima. Ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa anazungumzia kitu tofauti, na wote wawili walikiita kwa jina moja: motokari ya viti viwili ya mtu asiye tajiri.

Tuanze na za Papa. Mwaka 1958 Waingereza walitoa Austin-Healey Sprite, ile yenye taa mbili juu ya boneti kama macho ya chura. Mwaka 1962 zikaja MGB na Triumph Spitfire, na mwaka 1966 Waitaliano wakajibu kwa Alfa Romeo Spider na Fiat 124 Spider. Siri ya bei yao haikuwa uchawi. Injini ya MGB, lita 1.8 na nguvu farasi 95, ilitoka katika ukoo wa injini zilizosukuma motokari za kawaida za familia. Spitfire ilisimama juu ya chesisi ya Triumph Herald iliyofupishwa, halafu Mwitaliano Giovanni Michelotti akaivalisha umbo. Ni kazi ya fundi cherehani anayemshonea binti gauni la sikukuu kwa mabaki ya kikwembe cha mama yake: kitambaa ni kilekile, mkato ndio tofauti. MGB iliendelea kuundwa hadi 1980, na ukihesabu na zile za paa la chuma zilizidi nusu milioni.

Kwa hiyo Papa anaposema "zile ndizo motokari", mimi namsikia akisema kitu sahihi ambacho hakukitaja. Ukiwa kwenye MGB kwa kilomita 60 kwa saa unajiona unakimbia. Usukani hauna msaada wowote. Jiwe likipita chini ya tairi, mkono unapata habari kabla ya sikio. Lever ya gia ni fupi, kioo cha mbele kiko karibu na pua, na makalio yako hayako mbali na lami. Mjini kwetu, kati ya matuta, mashimo na mabasi yanayosimama popote, nani anafika kilomita 120? Motokari inayokupa furaha yote kwenye gia ya tatu ina maana kuliko ile inayoficha furaha yake mahali ambapo polisi wa barabarani anakungoja.

Lakini kumbukumbu za wazee zina tabia ya kufuta madoa ya oili. Turubai la MGB za mwanzo, kwa waliochagua lile la kubomoa, liliwekwa kwenye buti pamoja na vyuma vyake, na mvua ikija ulisimama nje ukilijenga kama hema. Mvua ya Lubumbashi ya mwezi wa kwanza haikungoji umalize kujenga. Umeme wake Waingereza wenyewe waliufanyia mizaha, wakimwita Lucas, mtengenezaji wa vifaa hivyo, mfalme wa giza. Na Spitfire za miaka ya mwanzo zilikuwa na tairi za nyuma zinazoweza kujikunja ndani ukiachia pedali ya esansi (petroli) ghafla katikati ya kona. Tuliokua tukisikia sifa zake tu hatukuambiwa hilo.

Sasa, zile nyingine. Mazda walipoonyesha MX-5 ya kwanza Chicago, Februari 1989, Waingereza walikuwa wameshauacha uwanja huo. Kiwanda cha MG cha Abingdon kilifungwa mwaka 1980. Wajapani hawakuficha walikotazama. Lotus Elan ya 1962, kazi ya Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, ilikuwa mbele ya macho yao: nyepesi, taa zinazoinuka na kulala, injini mbele, tairi za nyuma zinasukuma. Walichukua wazo, wakaacha kuvuja kwa oili. Walikuwa na msemo wao, *jinba ittai*, mpanda farasi na farasi kuwa mwili mmoja. Sisi huku farasi hatuna. Lakini aliyemwona mchukuzi wa makala, yaani makaa, akiteremka kuingia mjini na magunia matano juu ya baiskeli, akiipinda kona kwa kiuno tu, ameelewa bila kufundishwa Kijapani.

Motokari ile ya 1989 ilikuwa na uzito wa kilo 960 hivi. Ya leo, ile nyekundu ya lavaji, ina kilo 1,060 hivi. Hapa ndipo mashabiki wa zamani huwa wanatoa hukumu bila kupima. Husema motokari za sasa zimenenepa, na kwa motokari nyingi ni kweli. Hii imeongeza kilo mia moja tu, na ndani ya kilo hizo kuna mifuko ya hewa, breki zisizoganda, mfumo wa kuizuia isizunguke kwenye utelezi, na vyuma vya mlangoni ambavyo MGB za mwanzo hazikuvijua. Kwa urefu ni fupi kidogo kuliko ile ya 1989. Boneti, kifuniko cha buti na mabawa ya mbele ni alumini. Kuongeza yote hayo na kubaki mdogo ni kazi ngumu kuliko kuunda motokari nyepesi isiyo na kitu, na sioni kwa nini wahandisi wake wasisifiwe.

Bei nayo. MX-5 ya kwanza Marekani iliuzwa kwa dola 13,800. Mwaka 2024 ile ya chini kabisa ilikaribia 29,000. Ukisikia hivyo unasema wamepandisha mara mbili. Lakini kwetu dola inatoka mfukoni kila siku, tunajua dola ya zamani haikuwa hii: ukipima kwa kupanda kwa bei za huko Marekani, zile 13,800 za 1989 zingekuwa karibu 35,000 mwaka huo wa 2024. Kwa hesabu hiyo, motokari ya leo ndiyo rahisi zaidi, na ina nguvu farasi 181 badala ya 116 za ile ya kwanza.

Mpaka hapo mwipwa anashinda. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo imefanywa mahali ambapo motokari ikiharibika unapiga simu. Sisi tuihamishie Kampemba, mjini kwetu.

Boneti ya MGB ikifunguka unaona vitu vyote kwa majina yao. Kabureta mbili za SU, bisibisi na spana zinatosha kuzirekebisha. Mgandamizo wa injini ni 8.8 kwa moja, maana yake haichagui sana esansi kama injini za leo. MX-5 ya sasa ni 13 kwa moja, na esansi inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kupitia vitundu ambavyo jicho halivioni. Mwekee esansi ya chupa, ile ya wauzaji wa barabarani tunaowaita kadhafi, iliyolala juani na kuchujwa kwa kitambaa, halafu ungoje. Siku hizi fundi ana kamashine ka kusoma makosa, kanachomekwa chini ya usukani na kuleta namba kwenye simu. Mwipwa anako. Lakini aliniambia mwenyewe: namba inakuambia mgonjwa anaumwa wapi, haikuletei dawa. Dawa iko Johannesburg au Dubai.

Upande wa vipuri mambo yamegeuka kwa namna ya kuchekesha. Ungetegemea motokari iliyokufa 1980 iwe yatima. Kumbe Uingereza wanaunda upya hata bodi nzima ya MGB, tangu 1988, kwa mashine zilezile za zamani. Mtu anaweza kununua mifupa mipya ya motokari ya babu yake. Bila shaka kuifikisha hapa ni safari nyingine, na forodha haijui mambo ya mapenzi.

Kuna jambo moja ambalo wote wawili pale benchini walilikwepa, nalo ni usukani. Sisi tunaendesha mkono wa kulia. MX-5 nyingi za bei nafuu zinazoweza kutufikia zinatoka Japani au kusini, usukani wa kulia. Na MGB ya Kiingereza ni vilevile. Kwenye IST tumezoea, unachungulia kidogo. Sasa jiweke ndani ya motokari ambayo kichwa chako kiko sawa na nati za tairi la lori, kwenye barabara ya Likasi, kilomita 120 za malori ya shaba yanayofuatana, na unataka kupita. Huoni kitu. Aliye kushoto kwako ndiye macho yako, kama yupo. Hapo hakuna ya zamani wala ya sasa, zote mbili ni kaburi lililo wazi. Ya sasa ilipata nyota nne kati ya tano kwenye majaribio ya Euro NCAP, shirika la Ulaya linalogongesha motokari kupima usalama, ya 2015, na mimi ningezitaka hizo nyota nne kuliko kutokuwa na hata moja. Lakini majaribio yale hayana lori la tani 40 linalotoka Kolwezi.

Uamuzi wangu, basi, hauko kwenye benchi lolote. Papa anakosea anaposema ya leo ni kachezeo: kwa uzito, kwa ukubwa, kwa gia ile fupi, hii ndiyo mrithi halali. Mwipwa anakosea anapodhani maendeleo yamekuja bila kuchukua kitu. Kimechukuliwa kimoja, haki ya mwenye motokari kujitengenezea mwenyewe chini ya mti. Ikitokea nikapewa kuchagua, nachagua ile iliyosimama katikati, MX-5 ya kwanza, ya 1989 na miaka iliyofuata. Injini yake ya lita 1.6 ni ya ukoo wa Mazda 323, ambayo mafundi wetu walikwishaifungua na kuifunga hadi wakachoka. Inapuliza esansi kwa mfumo rahisi, mgandamizo ni 9.4. Na kuna siri ambayo mafundi huisema kwa heshima: mkanda wa taimingi ukikatika, vali na pistoni hazigongani. Motokari inazima tu. Unafunga mkanda mwingine, unaendelea. Kwa injini nyingi za siku zile na za leo, kukatika huko ni msiba.

Nilirudi lavajini Jumamosi nikawaeleza. Papa alisikiliza hadi mwisho, akauliza ile ya 1989 inakwenda vipi kwenye mashimo ya Katuba. Hapo nikakwama, maana tumbo lake liko chini.

"Ningeinua springi," mwipwa akasema. "Sentimita tatu, nne. Na bampa ngumu mbele."

Hapa inabidi nieleze kitu. Mwaka 1974, ili kutimiza sheria za Marekani, MGB ilivuliwa bampa zake za chuma kinachong'aa, ikavalishwa za plastiki nyeusi nene, na mwili wake ukainuliwa juu. Ikawa inayumba kwenye kona. Mashabiki hadi leo hawajasamehe, na ndiyo MGB ya bei ya chini kuliko zote.

Papa alimtazama mwipwa wake kwa muda mrefu.

"Mtoto wa dada yangu," akasema, "umesoma miaka yote ile ili uniundie MGB ya 1974."