Siku ya uchovu, katuni na gitaa

Kuna uchovu ambao hauondoki kwa kulala. Ukijilaza mchana unaamka saa kumi na moja kichwa kizito maradufu, jioni yenyewe imeshakwenda. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita niligoma kulala. Nikawasha feni nikaweka Coco, ile filamu ya Pixar ya 2017. Wanaosema katuni ni za watoto sibishani nao tena. Wakae na tamthilia zao.

Kwa asiyeijua: Miguel ni mtoto wa ukoo wa mafundi viatu huko Meksiko, na kwao muziki ni marufuku kwa sababu babu mmoja wa zamani alibeba gitaa akaondoka, hakurudi tena. Siku ya Wafu, sikukuu yao ya kuwakumbuka marehemu, mtoto anajikuta ng'ambo, kwa marehemu, ambako mifupa inacheza na kuimba. Rangi tu zinatosha kukukalisha kitini. Mimi lakini nilifuata muziki.

Wimbo mkuu, Remember Me, ulioshinda Oscar 2018, tunausikia kwanza kwa staa Ernesto de la Cruz. Yuko jukwaani, mbwembwe kibao, meno yote nje. Unausikia, unausahau. Baadaye Héctor, marehemu anayeandamana na Miguel kule ng'ambo, tunamwona enzi za uhai wake anamwimbia binti yake mdogo maneno yale yale, kwa gitaa moja na sauti ya chini, na hapo ndipo unajua kumbe ulikuwa wimbo wa kumbembeleza mtoto tangu mwanzo. Jukwaa liliuvamia tu. Halafu Miguel anakuja kumwimbia Mama Coco, bikizee wa ukoo wao ambaye kumbukumbu zimemtoka. Tazama uso ule, makunyanzi yanavyoanza kuamka, mpaka naye anaitikia. Nililia, ndiyo. Mtu aliyechoka hana breki.

Kule ng'ambo, marehemu akisahauliwa na mtu wa mwisho aliyemjua, anafutika kabisa. Wengi husifia ubunifu huo, lakini mwanateolojia John Mbiti wa Kenya alishaandika mwaka 1969 kitu kinachokaribiana sana nao kuhusu imani za Kiafrika: marehemu yu karibu nasi maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina.

Ndiyo maana filamu ilipoisha sikuzima spika, nikamweka Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Tanzania. Kafariki 1979, lakini zilipendwa bila yeye hazijakamilika. Gitaa lake halina haraka, linakuzungukia kwanza, ndipo sauti inaingia na wimbo wake Shida, nawe unaona mwenzio anakuelewa.

Nyimbo za sasa nazipenda, harusini nazicheza mpaka shati linalowa. Ila nyingi ukizitolea besi, kinachobaki ni msanii anajitaja jina.

Ukiitafuta Coco, tafadhali usiisikilize kwa kile kispika cha simu. Vaa hata hedifoni za bei chee, na pale Héctor anapoanza kuimba, ongeza sauti kidogo.