Elektroniki nafuu za astronomia ya redio: wapi pa kubana, wapi pa kulipa

Kufikia mwaka 2012 wapenzi wa redio walikuwa wameshagundua kwamba chipu ya RTL2832U, iliyoundwa ili kompyuta ipokee televisheni ya dijitali, inaweza kuamriwa itoe sampuli ghafi za mawimbi badala ya picha. Kijisanduku cha ukubwa wa kidole gumba, cha takriban dola 30, kikageuka kuwa kipokezi cha masafa ya megahezi 24 hadi 1,766 hivi. Ubishi ulioanza hapo haujaisha. Wapo wanaosema mlango wa astronomia ya redio, yaani kuchunguza anga kwa mawimbi ya redio, sasa uko wazi kwa kila chuo na kila mwenye antena. Wapo wanaojibu kwamba rahisi ni ghali: kipimo kisichoaminika ni hasara hata kama kifaa kilipatikana bure.

Hoja zote mbili zina uzito, lakini mara nyingi zinagongana mahali pasipostahili. Wabishani hukazia macho kigeuzi, yaani sehemu inayobadili mawimbi kuwa namba, wakahesabu biti zake. Ubora wa data, kwa sehemu kubwa, huamuliwa kabla mawimbi hayajakifikia.

Kigeuzi cha kijisanduku hicho kina biti nane. Kwa mhandisi wa sauti hizo ni chache mno. Kwa mawimbi ya angani hali ni nyingine, kwa sababu tunachopokea chenyewe ni kelele, na tunachotafuta ni wastani wa nguvu yake. Hata kigeuzi cha biti moja, kinachotambua chanya na hasi basi, hubakiza asilimia 64 ya usikivu. Biti mbili hubakiza 88, tatu 96. Ndiyo maana mitandao ya darubini zilizotawanyika mabara tofauti imerekodi kwa biti moja au mbili kwa miaka mingi, na matokeo yake yakaheshimiwa. Biti za ziada zinatakiwa kwa sababu yetu sisi binadamu: simu, televisheni, rada. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 za nafasi kati ya ishara dhaifu na ishara kali, hivyo biti nane hutoa kama 48, na mnara wa simu ulio jirani unaweza kuimaliza nafasi hiyo yote. Hata hapo ningeanza na filta nzuri mbele ya kipokezi kabla ya kufikiria kigeuzi cha biti 14.

Wakosoaji wanapata nguvu tukifika kwenye uthabiti. Kelele inayobaki katika kipimo hupungua kwa kipeuo cha pili cha zao la upana wa bendi na muda wa kukusanya. Nguvu ya kelele hapa hupimwa kama joto, kwa kelvini. Chukua kipokezi chenye jumla ya kelele ya kelvini 150, bendi ya megahezi 2.4 na muda wa dakika moja. Zao ni milioni 144, kipeuo chake 12,000, kwa hiyo kinachobaki ni kelvini 0.0125. Usikivu huo ni wa kustaajabisha kwa fedha kidogo namna ile, ila upo kwenye karatasi. Amplifaya, yaani kikuza mawimbi, ikiyumba kwa asilimia moja tu, kwa kuwa usiku umepoa au chipu imepata moto, kipimo kinasogea kwa kelvini 1.5, mara 120 ya hesabu ile. Mwanafizikia Robert Dicke alionyesha dawa mwaka 1946: swichi inayohama haraka kati ya antena na chanzo cha kelele inayojulikana, kisha tofauti pekee ndiyo ihesabiwe. Swichi ya aina hiyo haihitaji bajeti ya kituo kikubwa, na inaniuma kuona muundo unaosifiwa kwa bei yake ukiwa hauna hata nafasi ya kuiweka.

Mstari wa haidrojeni, yaani mawimbi ambayo gesi ya haidrojeni angani hutoa kwenye megahezi 1,420.4, una huruma zaidi. Harold Ewen na Edward Purcell waliupokea mara ya kwanza mwaka 1951 pale Harvard kwa antena yenye umbo la pembe, bila dishi kubwa. Kwenye bapa la galaksi yetu ya Njia Nyeupe nguvu yake hufika makumi ya kelvini, na masafa ya jirani yasiyo na haidrojeni hutumika kama kipimo cha kulinganishia, kwa hiyo sehemu kubwa ya kuyumba hujifuta. Saa ya kipokezi nayo haihitaji kuwa ya ajabu. Masafa ya mstari husogea kadiri gesi inavyotukaribia au kutukimbia, na hivyo ndivyo mwendo wake hupimwa. Kosa la sehemu moja kwa milioni ni hezi 1,420, sawa na mwendo wa kilomita 0.3 kwa sekunde, ilhali galaksi yetu inazunguka kwa kama kilomita 220 kwa sekunde. Kristali duni ya kuongoza saa hiyo, yenye kosa la sehemu 50 kwa milioni, inaleta kilomita 15 na kuharibu grafu. Kristali iliyofidiwa dhidi ya joto inaliondoa tatizo. Anayesema kwamba kazi hii haiwezi kuwa sayansi kwa sababu ya bei ya kifaa, namba haziko upande wake.

Jaribu sasa kuunganisha antena mbili zifanye kazi kama moja. Vipokezi viwili vyenye kristali tofauti, vikipishana kwa sehemu hiyo hiyo moja kwa milioni, vinaachana mizunguko 1,420 kila sekunde, na uhusiano wa awamu kati yao, yaani nani yuko wapi katika mzunguko wa wimbi, unapotea. Hapa lazima saa iwe moja kwa wote, au kila kipokezi kiwe na saa thabiti mno kama zile za mitandao ya mabara, na fedha iliyookolewa kwenye kigeuzi ihamie huko. Ujanja wa programu hauwezi kurudisha awamu ambayo haikurekodiwa.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni STARE2, vituo vitatu vidogo katika majimbo ya California na Utah, Marekani. Havikuwa na dishi. Antena zake zilitazama sehemu kubwa ya anga kwa wakati mmoja. Tarehe 28 Aprili 2020 vilinasa mlipuko wa redio wa muda wa milisekunde kutoka kwa SGR 1935+2154, nyota ya sumaku, yaani mabaki ya nyota yenye sumaku kali mno, iliyo ndani ya galaksi yetu. CHIME, darubini kubwa ya Kanada, iliunasa pia. Vituo hivyo vilikuwa na swali moja tu la kujibu, na vilijengwa kwa ajili ya hilo: ishara ya kweli ionekane kote, kwa tofauti ya muda inayolingana na umbali kati ya vituo. Mwingiliano wa eneo moja haupiti mtihani huo. Unafuu wa aina hii unatokana na fikra kabla ya kutokana na chipu.

Kuna gharama ambazo bei ya dukani haizionyeshi. Sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, baiti mbili kila moja, ni takriban gigabaiti 415 kwa siku. Wigo wa chaneli 1,024 ukijumlishwa na kuhifadhiwa mara moja kwa sekunde ni kama megabaiti 354 kwa siku. Kompyuta na vigeuza umeme vyake hutoa kelele ya redio, hivyo visanduku vya chuma vinaingia kwenye bajeti.

Upande wa bodi kubwa, CASPER, ushirikiano wa kugawana miundo ya vifaa vya astronomia ya redio ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umefanya jambo ambalo nalithamini sana: bodi kama ROACH, iliyoundwa pamoja na wahandisi wa Afrika Kusini, zina miundo iliyo wazi na hutumika katika vituo vingi. Hata hivyo zana zake za kuzipanga chipu za FPGA, ambazo kazi yake mtumiaji huweza kuibadilisha, zimetegemea kwa muda mrefu Simulink, programu ya leseni ya kulipia. Muundo ni wa bure, njia ya kuubadilisha si ya bure. Kwa kikundi kidogo leseni inaweza kuumiza kuliko bodi.

Ningekuwa na bajeti finyu, ningetumia kigeuzi cha bei ya chini kabisa na kuelekeza fedha kwenye amplifaya ya kwanza, iliyofungwa pale pale kwenye antena. Amplifaya yenye kiwango cha kelele cha desibeli 0.5 huongeza kama kelvini 35. Waya unaopoteza desibeli 3 kabla yake huongeza takriban 290. Kisha ningechomeka kizibo cha omu 50, kisichopokea mawimbi ya angani, mahali pa antena, nirekodi usiku na mchana, nitazame kelele inaacha kupungua baada ya muda gani. Muda huo uchapishwe pamoja na mchoro wa saketi, kwa bodi ya dola 30 na kwa ile ya maelfu.