Skuli ya maandalizi haijatimia bila ya wazee

Watu wengi Unguja na Pemba wanazijua skuli za maandalizi za mpango wa Madrasa, lakini ni wachache wanaolijua jina la Bi Swafiya Said. Huyu ni mwalimu wa Mombasa ambaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walipomwomba Aga Khan awasaidie watoto wao waliokuwa wakibaki nyuma katika elimu, alikabidhiwa kazi ya kutafuta njia. Skuli ya mwanzo ilifunguliwa Liwatoni, Mombasa, mwaka 1986. Mwaka 1990 mpango ukavuka bahari kuja kwetu Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Uganda.

Kwa maoni yangu, jambo kubwa alilolifanya Bi Swafiya ni kuwatanguliza wazee, yaani mama na baba wa watoto. Kabla ya darasa kulikuwa na vikao, na vikao hivyo havikuwa vya siku moja: mtaa ulielezwa kwa nini mtoto wa miaka mitatu anahitaji kufundishwa kwa namna yake, ukaulizwa unataka nini, ukatoa jengo, mara nyingi lile lile la chuo cha Kurani, ukachagua kamati, na ukawateua wanawake wa hapo hapo kwenda kusomea ualimu. Kamati na kituo cha mafunzo cha Madrasa zilitiliana saini mkataba unaotaja wajibu wa kila upande. Wengi wa walimu hao hawakuwa na masomo makubwa ya sekondari, lakini walifundishwa kituoni, kisha wakufunzi wakawafuata darasani kwao, wakawaangalia wakisomesha na kuwarekebisha.

Ndani ya darasa, mtoto alikuta Bismillahi na nyimbo za Kiswahili, akakuta vifuu, komwe, kombe za pwani na vifuniko vya chupa vya kuhesabia na kupangia. Alichagua mwenyewe kona ya kuchezea, akafanya alilokusudia, kisha akasimulia alichokifanya. Utaratibu huu ulichukuliwa kutoka katika mtaala wa HighScope, uliozaliwa Ypsilanti, Michigan, Marekani, ukarekebishwa ufuate dini na mila zetu. Inafaa kukumbuka kwamba huko Ypsilanti kwenyewe, katika jaribio mashuhuri la miaka ya 1960, walimu waliwatembelea mama na watoto majumbani kila wiki. Ziara hizo zilikuwa sehemu ya somo.

Matunda yake yalipimwa. Utafiti wa Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg, uliotolewa mwaka 2008 na kuhusisha Kenya, Zanzibar na Uganda, ulionesha kwamba watoto waliopitia skuli za maandalizi waliendelea vizuri zaidi kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa Madrasa wakawapita hata wenzao wa skuli nyengine za maandalizi.

Serikali yetu nayo imepiga hatua ninayoisifu kwa moyo mmoja. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya msingi ya lazima, na vituo vya Tucheze Tujifunze vikawafikia kwa redio watoto wa vijiji visivyokuwa na skuli. Ninachokiogopa ni kwamba kadiri elimu hii inavyokuwa jambo la Wizara, mzee anabaki mtu wa kununua sare na kumpokea mtoto langoni. Mzee ambaye hakuelezwa kwa nini mtoto anapanga komwe ataona muda unapotea, atadai daftari lililojaa maandishi, na mwalimu, ili asilaumiwe, atawakalisha watoto wa miaka minne wakinakili herufi asubuhi nzima. Nimewasikia wazee wengi wakisema kwa masikitiko, "Huyu anacheza tu." Siwalaumu, maana hakuna aliyekaa nao.

Zaidi ya hayo, malezi yenyewe yamepoteza walimu wake. Zamani mwari alikuwa na somo wake wa kumfunda mambo ya mwili na ya ndoa, na alipojifungua alikuwa na mama na bibi wa kumwonesha namna ya kumlea mtoto. Leo kijana na mkewe wamepanga chumba Tomondo au Mwanakwerekwe, bibi yuko Wete, na mafunzo ya ulezi wanayapata kwa simu. Skuli ya maandalizi ndiyo mahali pa mwanzo ambapo wazee hawa wanakutana na mtu aliyesomea watoto. Hapo ndipo wangezungumza kuhusu chakula, adhabu, usingizi, na umuhimu wa kusema na mtoto hata kabla hajajua kujibu.

Ningependa kila skuli ya maandalizi, ya serikali na ya binafsi, iwe na kikao cha malezi kila muhula: alasiri kwa mama, na baada ya sala ya isha kwa baba, ambao hawaji mchana. Pemba kisiwekwe wakati wa msimu wa karafuu, watu wakiwa mashambani. Kifanyike darasani, vifaa vikiwa vimetandazwa, wazee wavishike na wacheze navyo mbele ya mwalimu akiwaeleza kila kimoja kinafundisha nini. Na mwalimu alipwe kwa saa hizo, kwa kuwa zinaingia katika kazi yake kama zilivyo saa za asubuhi.